Mheshimiwa Amekonda

Kwenye kliniki ile ya watoto hakukuwa na mtu ambaye hajawahi kugombezwa na Sista Mizani. Aliwagombeza akina mama, akamgombeza baba mmojammoja aliyethubutu kuleta mtoto, akamgombeza mfagizi na mlinzi wa getini. Hata daktari mfawidhi aliwahi kupata chake, siku aliyokutwa akinywa soda asubuhi kabla hajala kitu. Jina la Mizani hakuna aliyembatiza. Lilimjia lenyewe, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi ndiye aliyekaa kwenye mizani ya watoto, na mtoto akipungua hata kidogo tu, sauti ya Sista ilisikika mpaka chumba cha dawa. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Alijiona mwanamke wa haki, asiyemung'unya maneno. Akina mama walikuwa na tabia ya kuchungulia mlangoni kwanza waone nani yuko zamu, naye jambo hilo alilihesabu kuwa ni heshima.

Basi huyo ndiye aliyekabidhiwa samaki.

Tangi la samaki liliachwa na daktari aliyehamishwa, ambaye alilipenda kuliko alivyowapenda wagonjwa wengi. Lilikaa kwenye ukumbi wa kusubiria, juu ya meza ya chuma, chini ya picha kubwa ya mtoto mnene anayecheka na maandishi mekundu: MLO BORA, MTOTO BORA. Mwanzoni lilikuwa na samaki wadogo wa kila rangi, na watoto walinyamaza wakiwatazama. Kisha wale wadogo wakaanza kupungua. Watu walidhani wanakufa na mfagizi anawatupa. Mfagizi naye alidhani kuna mtu anawaiba. Mpaka ilipobainika kwamba mmoja wao, yule wa kijivu mwenye mdomo mpana na taya la chini lililotokeza, alikuwa samaki wa kuwinda, na kwamba wenzake wote amewahifadhi tumboni. Alibaki peke yake na maji. Ndipo akina mama wakampa jina la Mheshimiwa, kwa sababu amewamaliza wenzake na bado anatazama watu kwa macho ya njaa.

Na njaa alikuwa nayo kweli, maana wenzake walipokwisha, chakula nacho kikawa kimekwisha. Mfagizi alimtupia tembe za chakula zilizobaki kwenye kopo. Mheshimiwa akazitazama zikizama, akageuka upande wa pili. Akakonda. Alikuwa na urefu wa kiatu cha mtu mzima, lakini ukimwangalia kwa juu uliona kichwa tu. Nyuma ya kichwa mgongo ulikuwa umechongoka, na tumbo limeingia ndani kabisa. Sasa hebu fikiria samaki aliyebaki mifupa, ndani ya kliniki ya lishe, chini ya picha ile. Akina mama wana macho.

Daktari mfawidhi, mtu mpole asiyependa kelele, akamwita Sista ofisini.

"Sista, yule samaki anatutia aibu. Wewe ndiye mtu wa lishe hapa."

"Daktari, mimi ni wa lishe ya binadamu."

"Kwani tofauti ni nini? Si kula tu?"

Sista akafikiri, akaona kweli, tofauti ni nini. Si kila siku anawaambia wanawake kwamba kulisha si kazi ngumu, ni nia tu? Akakubali, tena kwa maringo, akatoka ofisini ameinua kidevu. Baadaye, kila alipokikumbuka kidevu kile, alijicheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka.

Pengine jambo la samaki lingebaki mzaha tu kama si mama pacha. Huyu alikuwa mwanamke mdogo, mkimya, mwenye watoto wawili wa miezi michache, mmoja amejaa mashavu na mwenzake mwepesi kama nguo iliyokauka. Siku hiyo Sista alimpima mnene, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamtia mwembamba kwenye suruali ya kupimia, akamning'iniza, na mshale ukagoma kusogea.

"Mama! Huyu mmoja unamnyonyesha, na huyu mwingine unamwonyesha titi tu. Hebu mwangalie! Wewe unampendelea mwenzake!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mama pacha akafungua kinywa aseme kitu, lakini Sista alikuwa ameshamvua mtoto suruali na ameshaita, "Mwingine!" Yule mama akawavalisha watoto wake taratibu. Alipofika penye tangi akasimama, akageuka.

"Sista, na huyu wako je? Huyu naye unampendelea nani?"

Watu wakaangua kicheko, mlinzi akaja mbio kutoka getini kuangalia kuna nini. Mama pacha hakucheka.

"Siku huyo samaki wako akinenepa, ndipo nitakuletea mwanangu umpime. Kabla ya hapo usinitafute."

Akaondoka. Sista akasema, "Wote husema hivyo, watarudi tu," akaendelea kupima. Lakini kliniki iliyofuata mama pacha hakuja, na ile iliyofuata hakuja pia. Sista alijua vizuri mno maana yake. Mtoto wa uzito ule hana akiba. Homa kidogo, tumbo la kuhara siku mbili tatu, basi. Alianza kumwona yule mtoto hata akiwa anapika, akaogopa, na woga ule hakumwambia mtu.

Mtu mwenye akili timamu angemfuata mama pacha nyumbani. Nyumba ilijulikana, haikuwa mbali. Sista naye alilifikiria hilo, akalikataa palepale. Mimi? Nikapige hodi kwa mtu nikamwombe radhi kwa kusema kweli? Badala yake akayashika maneno ya yule mama kana kwamba ni mkataba: samaki akinenepa, mtoto anarudi. Basi samaki atanenepa! Hivyo ndivyo mwanamke mzima, mwenye vyeti vyake ukutani, alivyoshika njia ndefu ya kunenepesha samaki ili asipite njia fupi ya kumwomba mtu msamaha.

Siku ya kwanza alimpa uji.

Ndiyo, uji. Ule wa lishe, wenye unga wa aina nne, ambao kliniki iliupika kuwafundisha akina mama. Ulikuwa umenenepesha watoto wengi, na Sista hakuona kwa nini samaki naye usimfae. Akaupooza vizuri, akajaribu joto lake kwa mgongo wa mkono kama anavyofundisha, akautia tangini kijiko baada ya kijiko akisema, "Haya, baba, haya." Maji yakageuka maziwa. Mheshimiwa akapotea ndani ya wingu, na alipoonekana tena alikuwa juu kabisa, anatweta, mdomo nje ya maji. Sista na mfagizi walishinda wakibeba ndoo, kutoa maji machafu na kuingiza masafi, hadi sare ya Sista ikalowa mpaka kiunoni.

"Sista," mfagizi alisema, "mimi sijasoma, lakini sijawahi kuona samaki anakunywa uji."

"Na mimi nimesoma, na sijawahi kuona pia," Sista akajibu. "Beba ndoo."

Baada ya uji akajaribu kiini cha yai kilichopondwa. Baada ya yai akajaribu maini yaliyochemshwa. Kisha akaleta kutoka nyumbani kipande cha samaki wa kuchemsha, amekiosha chumvi na kukitoa miiba, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mumewe tangu aolewe. Mume, fundi wa viatu mwenye maneno machache na yote ya kuchoma, alifunua sufuria jioni ile akakuta mchuzi mtupu.

"Samaki yuko wapi?"

"Nimempelekea samaki."

Mume akafunika sufuria polepole. "Mke wangu, kama umeamua kuniletea mke mwenza, si ungetafuta hata mwenye miguu?"

Sista akacheka mpaka akakaa chini. Lakini Mheshimiwa hakukigusa kile kipande. Alikitazama, akajisogeza nyuma ya pampu ya hewa, akakaa huko. Asubuhi kilikuwa kimevimba na maji yananuka.

Ikafika mahali Sista akasema, hebu tuache kubahatisha, tumpime kwanza tujue tuko wapi. Kupima ndiyo kazi aliyoiamini. Alisubiri kliniki imalizike, akamvua Mheshimiwa kwa chandarua kidogo, akamtia kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, akaufunga, akauingiza mfuko kwenye suruali ya kupimia watoto, mguu huku na mguu huku, akauning'iniza kwenye mizani. Mheshimiwa akabaki anabembea ndani ya suruali, mdomo wazi, akimtazama Sista usoni. Sista akasoma mshale. Akakumbuka kutoa uzito wa maji. Akakumbuka kwamba hajui uzito wa maji. Akawa anatafuta mfuko mwingine apime maji peke yake, ndipo akasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa mama mmoja aliyesahau kofia ya mtoto wake.

"Anaendeleaje, Sista?" yule mama akauliza, kwa adabu zote.

"Anaendelea vizuri," Sista akasema.

Habari ile ilifika sokoni kabla yake. Aliponunua nyanya kesho yake, muuza nyanya alimuuliza kama samaki ameshapata chanjo.

Kulikuwa na duka la samaki wa mapambo, katikati ya saluni na fundi wa simu, na mwenye duka alijulikana kwa jina la Profesa, kwa kuwa alizungumza kama anayetoa mhadhara hata ukimuuliza choo kiko wapi. Sista alipanga siku ya mapumziko yake, akamtia Mheshimiwa kwenye ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, akaivika ndoo kitambaa isipate jua, akaenda nayo kwa miguu, akitembea taratibu maji yasitikisike. Dukani akakuta watu. Akaonyeshwa benchi. Akakaa akiwa amepakata ndoo yake, katikati ya watu wengine waliopakata mitungi na mifuko yao, akasubiri zamu.

Profesa alikaa juu ya kiti kirefu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Zamu ya Sista ilipofika, akafunua ndoo, akachungulia, akafyonya.

"Mama, huyu samaki unamlisha nini?"

Sista akahisi damu inampanda masikioni. Maneno yale ni yake. Hata ile "mama" ilivyovutwa mwanzoni ni yake.

"Anakula vizuri," akasema.

Akajisikia akilisema neno hilo, akashangaa limetoka wapi. Kila siku ya Mungu wanawake humwambia neno hilohilo, anakula vizuri, Sista, naye huwajibu kwamba mizani haina urafiki na mtu. Alidhani wanamdanganya kwa sababu ni wavivu. Kumbe mtu hudanganya kwa sababu watu wote kwenye benchi wamegeuza shingo.

"Angekuwa anakula vizuri angekuwa hivi? Umempa nini?"

"Vitu vyepesivyepesi."

"Vyepesi kama nini?"

Sista akaangalia ndoo. "Uji."

Duka likalipuka. Bibi mmoja mwenye mtungi alicheka mpaka ikabidi ashikiwe mtungi. Profesa hakucheka, alisikitika, na kusikitikiwa kulimchoma Sista kuliko kicheko. Kisha akaanza mhadhara. Huyu ni mla nyama. Mpe nyungunyungu, mpe kamba wabichi waliomenywa, mpe vipande vyembamba vya samaki mbichi, kila kipande kisizidi jicho lake. Usimpe visamaki hai vya kununua, vitamletea magonjwa na atazoea kukataa vingine. Usimshindilie siku moja ukitaka kufidia njaa ya siku nyingi. Tumbo lililosinyaa halibebi, mpe kidogokidogo. Asichokula kitoe kabla hakijaoza. Maji usiyabadilishe yote kwa mpigo, toa sehemu, weka sehemu. Yote hayo yalikuwa kweli, na Sista aliyashika yote kichwani. Lakini kulikuwa na jambo alilotaka kuuliza. Mheshimiwa alikuwa na tabia: asubuhi mapema, kabla watu hawajaingia, alitoka katikati ya tangi na kufuata kidole cha Sista kwa macho. Ukumbi ukijaa, alijificha nyuma ya pampu asitoke tena. Chakula alipewa wakati gani? Ukumbi ukiwa umejaa, ili akina mama waone kwamba analishwa.

"Nilitaka kusema kwamba huyu, watu wakiwa wengi..."

"Nimeshakuambia la kufanya, mama. Ni nia tu." Profesa akashusha miwani. "Mwingine!"

Sista akajikuta nje, barabarani, na ndoo yake. Alikuwa na hasira ya kuweza kuitupa ndoo na samaki wake. Hakuniuliza! Kijana amejua kila kitu, kasoro samaki mwenyewe anakaa wapi! Ningempa maneno mawili tu angeelewa, lakini wapi, yeye anahubiri tu, kana kwamba mimi nimekuja na ndoo kupunga upepo! Akatembea hatua chache akiendelea kumpasha Profesa kimoyomoyo. Halafu akasimama kabisa, watu wakampita kushoto na kulia. Alikuwa amemwona mama pacha akilini, amefungua kinywa, na yeye mwenyewe akiita mwingine.

Akasema kwa sauti, "Haya basi, Sista." Mpita njia akamwitikia akidhani ameitwa.

Aliporudi kliniki hakungoja kuambiwa na mtu. Alichukua shuka kuukuu la kitanda cha wagonjwa, akalifunika tangi pande tatu, akaacha upande mmoja tu. Akaweka ndani kipande cha bomba la maji, pana kiasi cha Mheshimiwa kuingia mwili mzima. Akawaambia watoto, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, kwamba mzee amelala, tusigonge kioo. Kisha akaenda nyuma ya chumba cha kufulia, penye udongo wenye majimaji, akachimba nyungunyungu kwa kijiko cha uji. Kijiko kile hakikurudi tena jikoni.

Asubuhi iliyofuata alifika kabla ya wote. Akamshika nyungunyungu kwa koleo la kushikia pamba, akageuza uso, maana alikuwa na kinyaa cha wadudu tangu utoto, akamdondosha majini na kukimbilia chumba cha mizani. Akachungulia mlangoni, nusu ya uso nje na nusu ndani, vilevile kama akina mama wanavyomchungulia yeye. Mheshimiwa akatoa kichwa bombani. Akatazama. Akatulia. Kisha maji yakaruka na nyungunyungu hakuwepo.

Sista akapiga ukelele. Mfagizi akatupa fagio akaja mbio, akijua kuna aliyekufa.

"Amekula!"

"Nani?"

"Amekula, amekula, amemeza mzima!" Akamkumbatia mfagizi, koleo bado mkononi. Aliona haya baadaye, lakini wakati ule alikuwa na furaha kamili, ya kijinga, na hakuificha.

Tangu siku ile alimpa kidogokidogo, asubuhi ya mapema na jioni watu wakishatoka. Leo nyungunyungu, kesho kamba, siku nyingine kipande cha samaki mbichi ambacho mumewe alikikata mwenyewe kwa kisu chake cha ngozi, akilalamika na kukikata vizuri. Siku zingine Mheshimiwa alikataa, na Sista akajifunza kuondoka bila kubembeleza. Haikuwa muujiza. Ilichukua muda mrefu, na kwa muda mrefu hakukuwa na cha kuonyesha. Kisha tumbo likaacha kuingia ndani, halafu mgongo ukaanza kujaza nyuma ya kichwa, na siku moja akina mama wakaanza kusema wenyewe, "Jamani, Mheshimiwa amependeza."

Lakini mama pacha hakuja.

Sista akatuma salamu. Alimwomba jirani wa mama pacha, mama mmoja aliyekuja na mtoto wa kikohozi, amwambie kwamba samaki amenenepa, aje aone. Jirani akarudi kliniki iliyofuata. Sista akamwacha mtoto kwenye mizani bila kusoma mshale.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesema nini?"

Jirani akasitasita. "Amesema mpe samaki hongera."

"Basi?"

"Basi. Na yule mdogo, Sista... yule mdogo simpendi alivyo."

Sista akakaa kwenye kiti. Alijiona mjinga wa mwisho. Miezi yote hii amechimba udongo, amebeba ndoo, amegeuka kichekesho cha soko, na yule mama hakuwa akizungumzia samaki hata kidogo. Aliomba kuulizwa neno moja. Na mtoto alikuwa huko muda wote, akipungua, wakati Sista anajipongeza kwa kumshibisha Mheshimiwa.

Hakungoja kazi iishe. Alimwomba daktari ruhusa, akavua kofia ya sare, akanawa mikono, akachukua kurunzi ndogo ya kumulikia koo na kuitia mfukoni. Mizani ile ya kubeba mkononi, anayokwenda nayo kila anapotembelea nyumba za watu, aliiacha msumarini.

Njiani alitunga maneno mengi mazuri. Alipofika mlangoni yote yakayeyuka. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, yenye ua mdogo na jiko la nje ambamo mtu alikuwa akihangaika na sufuria. Mama pacha alitoka na mtoto mnene kiunoni. Akamtazama Sista, kisha akatazama mikono yake.

"Samaki hajambo?"

"Hajambo," Sista akasema. "Lakini siku nyingi alikuwa hali kitu, na mimi nikawa nawaambia watu anakula vizuri."

Mama pacha akampandisha mtoto vizuri kiunoni.

"Sikuja kupima. Mizani nimeiacha. Siku ile ulifungua kinywa ukitaka kuniambia jambo, mimi nikaita mwingine. Nimekuja kuuliza ulitaka kusema nini. Naomba unisamehe, mama. Ningekuja zamani, niliona haya."

Yule mama akaitazama tena mikono ile mitupu. Kisha akasogea pembeni, Sista akaingia. Kulikuwa na kitanda, kabati, na kigoda. Akaketi kwenye kigoda, akanyamaza, na kunyamaza kule kulimtoa jasho, maana hakukuzoea. Mama pacha akaanza mbali kabisa, tangu kujifungua. Wakati mmoja akarudia jambo mara mbili, na Sista akajiuma ulimi asimwambie ameshalisema.

"Ana njaa, Sista. Anakuja kwenye titi mbio kuliko huyu mwenzake. Anavuta mara moja, mara mbili, halafu anaachia, analia kama nimemfinya. Namrudisha, anavuta, analia. Mwisho anachoka, analala na njaa yake. Na huyu mwingine ananyonya tu, hana shida. Mama mkwe akasema simpendi yule mdogo, kwamba namfinya makusudi ili aache. Kila siku anasema, mbele ya mume wangu, mbele ya majirani. Nikajiambia, ngoja niende kliniki, wale wamesoma, wataniambia mwanangu ana nini." Akapangusa pua kwa kiganja. "Nikaja. Nawe ukasema vilevile."

Machozi yalimlenga Sista, akayaacha yatiririke.

"Nipe nimwone," akasema.

Mtoto alikuwa kitandani, mwepesi mno mikononi. Sista akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akangoja apige miayo, akamulika. Ulimi ulikuwa mweupe, na ndani ya mashavu mweupe vilevile, kama mabaki ya maziwa. Akafunga kidole kitambaa safi, akagusa polepole. Weupe haukutoka, na mtoto akalia kilio kilekile ambacho mama yake amekieleza.

"Ni utando," akasema. "Ni ugonjwa wa kinywa. Unawapata watoto wengi, na dawa yake ni matone tu, tunayo kliniki, nitakuletea leo hii mwenyewe. Kinywa kinamuuma. Anataka kunyonya, na akinyonya anaumia. Tutampaka dawa, na wewe pia utapaka kwenye chuchu, na wakati anapona tutamkamulia maziwa, tumpe kwa kikombe, kidogokidogo. Atakula, mama. Hujamfanyia kitu. Si kosa lako."

Mama pacha alimtazama kama hajasikia sawasawa.

"Sema tena."

"Si kosa lako."

Yule mama akageuza macho kwenye ua, kwenye jiko, ambako sufuria zilikuwa zikigongana.

"Mama mkwe yuko pale," akasema. "Sema kwa ile sauti yako ya kliniki."

Sista Mizani akasimama na mtoto kifuani, akavuta pumzi, akalisema neno lile kwa sauti yake yote. Jikoni sufuria zikanyamaza.